Tunakopa Mlimani, Tunanunua Bondeni

Fuso ikishapakia viazi hapa Matamba na kuanza kuteremka zile kona 57 kwenda Chimala, hela ya viazi nayo huwa imeshaanza safari. Kesho yake, au keshokutwa ikichelewa sana, utawakuta wenye mashamba wamejikunyata kituoni alfajiri, makoti yamefungwa hadi shingoni, wanasubiri gari la kuteremka. Wanakwenda kununua. Jioni wanarudi na mabati, godoro, mchele, dumu la mafuta ya kupikia, mfuko wa sukari, katoni ya sabuni na madaftari ya watoto. Mchele sina neno nao, maana unalimwa huko chini Usangu na huku kwetu baridi haiuruhusu. Lakini sabuni? Madaftari? Viberiti? Hivyo vyote vipo hapa hapa, tena kwenye duka ambalo mtu yule yule amekuwa akiingia tangu Novemba na kusema, "Mama, niandikie."

Hilo ndilo linalonisumbua, na nalisema kwa watu wangu wa Uwanji na kwa jirani zetu wa Ukinga: tunakopa mlimani, tunanunua bondeni. Siku ambayo hatuna kitu, duka la nyumbani ndilo tegemeo. Siku ambayo hela ipo mfukoni, tunalipita na kwenda kumpa taslimu mtu wa Chimala au wa Mbeya ambaye hatumjui kwa jina, na ambaye asingetukopesha hata kipande cha sabuni.

Mimi sina duka na sijawahi kuwa nalo. Nimefundisha shule za msingi katika wilaya hii ya Makete mpaka nilipostaafu, na nasema kama mnunuzi. Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa mtu wa upande wa nje wa kaunta.

Duka ninalonunua mimi liko kando ya barabara, si mbali na kituo cha magari. Mwenyewe ni mama wa makamo, na hufungua mlango saa kumi na mbili asubuhi hata Julai, ile Julai ya sakitu ambapo majani ya viazi huamka yameungua. Chini ya kaunta ana jiko la mkaa la kupashia vidole. Rafu za nyuma zina sukari, chumvi, majani ya chai, mishumaa, betri, sabuni ya mche, mafuta ya kujipaka, na pampa za watoto ambazo zamani hazikuwepo. Pembeni ameweka gunia la dagaa na ndoo ya mafuta ya kula ya kupima. Kwenye kona kavu, juu ya mbao ili unyevu wa sakafu usiyafikie, kuna mifuko ya mbolea, na juu ya mifuko kuna pakiti za dawa ya ukungu. Nje kaning'iniza masweta ya mtumba. Ni wakala wa simu pia. Wanunuzi wa viazi siku hizi hulipa kwa simu, kwa hiyo siku ya mauzo watu wote humwendea kwa pamoja kutoa hela, na taslimu yake humwishia kabla ya saa tano.

Watoto ndio wateja wake wakubwa. "Shikamoo. Mama amesema umpe sukari robo na mafuta ya mia tano." Anapima, anafunga, na kumuuliza mtoto kama bibi ameshapona kifua. Mengi ya mtaa wetu anayajua yeye kabla hatujayajua sisi wengine.

Ninalotaka msomaji alitazame zaidi ni kaunta buku lake. Ni daftari lile la jalada gumu, limechakaa pembeni, na ndani yake kuna kilimo chote cha mtaa wetu. Mvua zikianza Novemba tunapanda. Hela ya msimu uliopita imeshakwenda kwenye ada, sare na matibabu, na mbolea ya kupandia inahitajika sasa, si mwezi ujao. Basi jina linaandikwa: Baba Fulani, mbolea nusu mfuko. Januari na Februari ukungu unashuka na manyunyu hayakatiki, na hapo ndipo ugonjwa unapoingia kwenye viazi. Mkulima wa Matamba hana haja ya kuelezwa ukungu wa viazi. Leo unaona madoa machache kwenye majani, na ukikosa dawa kwa siku chache shamba lote linanuka na kuwa jeusi. Lazima upige dawa, na urudie kila baada ya siku kadhaa kwa muda wote hali ya hewa inapokuwa hivyo. Sasa nenda benki wiki hiyo. Watakuuliza dhamana, hati, wadhamini, na barua ya serikali ya kijiji. Watakapomaliza kukuuliza, viazi vimeoza ardhini. Vikundi vya kuweka na kukopa vinasaidia, na mimi mwenyewe nimo kwenye kimoja, lakini hela ya kikundi ina zamu na ina siku yake. Dukani unaingia saa mbili asubuhi na saa tatu uko shambani na bomba mgongoni.

Kwa anayeandikwa, mama yule huongeza kidogo juu ya bei ya taslimu. Wapo wanaomsema kwa hilo. Mimi sioni ubaya, maana hela yake inakaa shambani kwa mtu mwingine miezi mitatu, minne, huku yeye mwenyewe akidaiwa na aliyemuuzia kwa jumla. Mvua ya mawe ikipiga, hasara inawafika wote wawili. Hakuna mwenye duka la jumla wa bondeni aliyewahi kugawana nasi hasara ya mvua ya mawe.

Halafu viazi vinakomaa, vinauzwa, na mteja haonekani. Wazee walishasema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini kuna namna ya kutolipa inayoniuma kuliko zote. Mtu anateremka Chimala na hela yote, anarudi jioni na godoro, na anapita njia ya nyuma ili asionekane dukani. Anayeumia hapo si mama mmoja tu. Deni moja lisipolipwa, Novemba inayofuata kuna mtu mwaminifu atakayeingia kuomba mbolea na kukuta pale penye mifuko pako wazi.

Najua jibu la watu: huku juu bei ni ghali. Ni kweli, na sitalizunguka. Karibu kila kitu kinachopanda mlima huu huongezeka bei njiani. Lakini tuhesabu sawasawa. Ukiteremka unalipa nauli ya kwenda na ya kurudi. Unalipia mzigo. Utakula chakula cha mchana kwa mama ntilie. Ukichelewa gari utalala. Na siku nzima shamba halina mtu. Anayejenga nyumba na kununua mabati ya paa zima, mwache ateremke, faida ataiona. Anayefuata katoni moja ya sabuni na kilo tano za sukari hajaokoa kitu, ila amejisikia ameokoa.

Tena tujiulize kwa nini huku juu ni ghali. Mwenye duka wa Matamba huteremka peke yake, kwa basi lile lile tunalopanda sisi. Ananunua katoni tano huku, mifuko miwili kule, kwa bei ya mtu mdogo, maana mtaji wake wote umelala kwenye kaunta buku. Analipia kila katoni nafasi yake kwenye gari. Anapofika juu ameshatumia nauli, chakula na siku ya kazi, na gharama zote hizo anazigawa kwenye katoni zile chache. Sisi tusiomlipa ndio tunaomfanya anunue kidogo kidogo, halafu tunamlaumu kwa bei.

Wakati huo huo, kila siku ya msimu, malori yanapanda mlima huu matupu. Fuso inayokuja kuchukua viazi vya Dar es Salaam inazimaliza kona zote 57 ikiwa haina kitu ila turubai na magunia matupu. Nimeyatazama malori hayo miaka mingi bila kuwaza lolote, mpaka nilipoanza kwenda Makambako kumtembelea mwanangu. Makambako ni mji uliolelewa na njia. Barabara ya Songea inaungana pale na barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, inapita hapo hapo. Mfanyabiashara wa Makambako hasubiri mzigo umfuate, kwa sababu gari lolote linalopita ni gari lake, kwenda au kurudi. Anajua lori lipi linapeleka mahindi na litarudi na nini. Hawana akili kutushinda sisi. Wamezoea tu kuuliza lori linaporudi linarudi na nini.

Sisi hatuna njia panda, lakini tuna viazi, na viazi ndivyo vinavyoleta malori. Wenye maduka wa Matamba wakikaa pamoja, wakaandika orodha moja ya sukari, sabuni, mafuta, mbolea na saruji, wakanunua kwa jumla Mbeya kwa sauti moja, lori linalopanda tupu litawabebea kwa nauli ya maelewano, na dereva atashukuru. Bei ya dukani itashuka bila mtu yeyote kuombwa huruma.

Haya si mageni kwa watu wa milima hii. Kabla ya Wajerumani, Wakinga walikuwa wafua chuma. Walifua majembe na kuyateremsha kwa Wanyakyusa, wakarudi na chakula. Baadaye wakaenda vibaruani, kwenye dhahabu ya Chunya na mashamba ya chai ya Mufindi, na kutoka kwenye kibarua wakaingia kwenye biashara. Leo ingia Kariakoo, ingia Mwanjelwa pale Mbeya, ingia Makambako au Njombe mjini, utasikia Kikinga nyuma ya kaunta. Watoto wa wilaya yetu wamejaza maduka nchi nzima. Desemba wanarudi kula sikukuu kwa wazazi, na gari linafunguliwa nyuma: soda, mchele, biskuti, sukari, vyote vimenunuliwa huko walikotoka. Ni upendo, siukatai. Lakini mjomba mwenye duka la jumla mjini angeweza kumsaidia shangazi mwenye duka dogo Matamba zaidi ya hapo. Ampe mzigo kwa bei ya jumla ya kweli, na amvumilie mpaka viazi vitoke, kama shangazi anavyotuvumilia sisi. Na siku mbili zile za sikukuu, anunue hapa.

Vijana hudhani duka ni kitu kilichokuwepo tangu dunia kuumbwa. Sisi wa umri wangu tunajua kuishi bila duka. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, ikaagizwa kwamba maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe na kazi yao ifanywe na maduka ya kijiji. Nia ilikuwa kuondoa unyonyaji, na unyonyaji ulikuwepo kweli. Lakini mwenye duka aliyejua nani ana mgonjwa na nani kapata mtoto aliondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na duka lililosubiri mgawo. Mgawo ulitoka kwenye kampuni ya biashara ya mkoa, ile RTC, na wakati ule mkoa wetu ulikuwa Iringa. Hebu fikiria umbali huo, kisha ufikirie kijiji kilicho mwisho wa barabara. Baada ya vita vya Kagera hali ikawa ngumu zaidi. Nilipoanza kufundisha, miaka ya mwanzo ya 80, tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni na sukari ya kuhesabiwa kwa kaya. Watoto walikuja shule na mashati yaliyofuliwa kwa maji matupu. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine akawasaka wahujumu uchumi, na mwaka uliofuata milango ya biashara ikaanza kufunguliwa. Polepole kukawa na taa ya kandili kwenye dirisha la duka la mtu, jioni, hapa Matamba. Aliyeyaona hayo hawezi kuliona duka la jirani kuwa jambo dogo.

Siwatetei wenye maduka kwa kila kitu. Wapo wanaopimia kikombe ambacho kitako chake kimegongwa kikaingia ndani. Wapo wanaouza dawa ya ukungu ambayo muda wake umekwisha, na huo ni wizi unaoua shamba zima. Masika barabara ikikatika kwenye kona, wapo wanaopandisha bei ya chumvi iliyokuwa rafuni kabla hata ya mvua. Nawaambia wazi: wekeni mzani juu ya kaunta, uso wake uelekee kwa mnunuzi. Bandikeni bei. Pakiti ya dawa mpeni mkulima aisome tarehe mwenyewe kabla hajaandikwa. Sisi tunapiga kelele, na ni haki yetu, juu ya lumbesa, kwamba dalali anataka gunia lenye kilemba juu ilhali sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Hatuwezi kudai mzani shambani halafu tukakubali kikombe kilichobonyea dukani. Wakala wa Vipimo wakija kukagua magunia, waingie na madukani.

Serikali nayo ina sehemu yake. Tangu Oktoba 2023 manunuzi ya umma yanapitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Naunga mkono, kwa sababu umefunga mianya mingi. Lakini mwenye duka la vifaa vya ujenzi huku mlimani hayumo kwenye mfumo. Hana wa kumwelekeza, na mtandao wenyewe unakuja na kuondoka kwa upepo. Matokeo yake nimeyaona kwa macho yangu: shule inajenga darasa, saruji inapandishwa kutoka bondeni, na duka lenye saruji liko mbele ya uwanja wa shule. Halmashauri imtume afisa biashara aje Matamba akae wiki nzima, awasajili wenye maduka mmoja mmoja mpaka waishe. Na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nne za wanawake, nne za vijana na mbili za wenye ulemavu, akina mama wenye maduka wanaweza kuunda kikundi na kuiomba kwa ajili ya mzigo wa lori lao la kwanza.

Wageni pia. Hifadhi ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 na ambayo wengi huiita Bustani ya Mungu, ina makao yake hapa Matamba. Kati ya Desemba na Aprili, maua yakichanua, magari yanapanda na watu wa kila taifa. Yanapita yakiwa na maji, mikate na mayai kutoka Mbeya, kana kwamba wanakwenda mahali pasipo na watu. Mtembeza wageni mmoja akisimamisha gari kwa dakika kumi tu mbele ya maduka yetu, sweta la mtumba litauzwa, na njegere mbichi zitauzwa pia.

Duka likifa, kijiji nacho hufuata. Kama kuna anayedhani natia chumvi, atazame Hispania, nchi tajiri kuliko yetu mara nyingi. Katika miji ya kale na vijiji vya milimani vya mikoa kama Soria na Teruel, vijana waliondoka, wenye magari wakazoea kununua mjini, na maduka yakafungwa. Duka la mwisho likifungwa, mzee asiyeendesha gari hawezi kubaki. Machi 2019 maelfu ya watu wa mikoa hiyo waliandamana Madrid kudai vijiji vyao visiachwe vife. Walikuwa na barabara za lami, shule na umeme. Wengine huku kwetu wanaisubiri lami kwamba itatatua kila kitu. Naitaka lami kuliko mtu yeyote, magoti yangu yanazijua kona zile. Lakini lami inarahisisha kuteremka kama inavyorahisisha kupanda, na tabia ya kununua bondeni itapata kasi zaidi siku hiyo.

Mvua zetu ni za Novemba. Mbolea lazima iwe imepanda kabla tope halijaanza kuyakamata malori, kwa hiyo kikao cha wenye maduka kisivuke Septemba, na madeni ya msimu huu yalipwe kabla ya kikao ili orodha iandikwe kwa hela halisi. Nimeshaongea na akina mama watatu wa barabarani. Wawili wamekubali. Wa tatu anauliza nani atashika hela ya wote, na ni swali la haki. Mimi napendekeza zisishikwe na mtu, ziwekwe kwenye akaunti ya kikundi yenye saini tatu, na orodha ya bidhaa ibandikwe ukutani kwa kila duka ili kila mwanachama aone katoni zake. Kuandika nitaandika mimi, bila malipo.